Uso wa mwezi na vidonge vya giza

NEEMA: Haya, tunarekodi. Tupo kwenye chumba chetu kilekile cha Kirumba, Mwanza, na kwaya inaingia saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo tusijivute.

MASANJA: Mwadila, Mama Kulwa.

NEEMA: Mwadila, Mwalimu. Wiki iliyopita niliwaahidi wasikilizaji somo la vipokezi vya homoni kwenye chembe nyeupe za damu, hasa kwa watu wenye baridi yabisi ya uti wa mgongo. Karatasi ninayo hapa, ina vipengele vitatu. Lakini wiki hii yamenikuta. Shija mnamjua, mdogo wangu, yule mpakiaji aliyetuletea kelele za soko la samaki la Mwaloni kwenye kipindi cha Pasaka.

MASANJA: Anaendeleaje leo?

NEEMA: Anakula. Ngoja nianze mwanzo. Ijumaa alivuka kwenda Ukerewe, msibani kwa baba mdogo. Mbalamwezi imeingia, mitumbwi ya dagaa haitoki, akaona nafasi ndiyo hiyo. Jumapili usiku akaanza kutapika. Wakasema malaria. Wakampima, malaria hana. Jumatatu saa nne napigiwa simu kutoka hospitalini Nansio, kulekule Ukerewe: presha imeshuka, sukari imeshuka, kijana hawezi hata kukaa kitandani. Mtu aliyekuwa anabeba magunia wiki iliyopita!

MASANJA: Nilipopata ujumbe wako nilikuwa darasani. Nilitoka nje.

NEEMA: Sasa yule daktari wa zamu, kijana mdogo tu, Mungu ambariki, alimtazama usoni akauliza, "Vidonge unavyomeza kila siku ni vipi?" Shija akasema hamezi chochote. Daktari akamfunua shati. Tumboni pembeni kuna michirizi ya zambarau, mipana kama kidole. Akamuuliza tena, "Vidonge umeviacha wapi?" Ndipo akasema: Kirumba, juu ya kabati. Wakamchoma haidrokotisoni kwenye mshipa, wakamtundikia dripu. Jioni akaomba uji.

MASANJA: Na wewe ukaenda kuvitafuta juu ya kabati.

NEEMA: Nikavikuta. Bahasha ndogo ya kaki ya dawa. Imeandikwa kwa kalamu ya wino "mgongo 2×3". Basi. Jina la dawa hakuna, tarehe hakuna. Ndani kuna vidonge vidogo vyeupe. Nikamwaga kwenye kiganja, nikavigeuza mpaka nikaona alama. Prednisoloni, dawa ya steroidi inayoiga homoni ya mwili iitwayo kotisoli, miligramu 5. Viwili mara tatu ni sita, yaani miligramu 30 kwa siku, Mwalimu, na mimi naishi nyumba moja naye! Nafanya kazi maabara! Kila mtu mtaani anamwambia Shija "umenawiri, maisha yamekukubali", na mimi nimekuwa nikifurahi naye. Shavu limejaa, uso umekuwa duara. Madaktari wanauita uso wa mwezi.

MASANJA: Subiri. Umesema mwezi.

NEEMA: Uso wa mwezi, ndiyo.

MASANJA: Mimi Shija aliwahi kuniambia jambo ambalo nilikuwa sijalielewa mpaka sasa hivi. Alisema ana "vidonge vya giza". Nikadhani ni vya usingizi. Kumbe giza la dagaa! Wasikilizaji wa mbali waelewe: dagaa wa Ziwa Victoria anavuliwa usiku usio na mwezi. Zamani kwa karabai, siku hizi taa za sola. Taa inamvuta dagaa juu. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina taa, dagaa hana sababu ya kuja kwenye ya kwako. Kwa hiyo mvuvi anafanya kazi kwenye giza, mbalamwezi anapumzika, anashona nyavu. Na Mwaloni kote kunafuata hesabu hiyo, mpaka wapakiaji.

NEEMA: Kwa hiyo alianza kumeza siku za giza tu.

MASANJA: Siku za kazi. Mbalamwezi anaacha, anaokoa hela.

NEEMA: Basi ndivyo alivyomweleza daktari. Miaka miwili ya mwanzo ni giza tu. Kuanzia mwaka jana kila siku, kwa sababu akiacha mgongo unarudi na hasira. Na hapo ndipo tezi zake zikalala. Hizi tezi za adrenali, vikofia viwili juu ya figo, zinatengeneza kotisoli. Ukimletea mtu kotisoli ya dukani kila siku kwa wiki nyingi, ubongo unaona imejaa, unaacha kuziamrisha, zinasinyaa. Siku umesahau bahasha kabatini, unabaki huna ya dukani wala ya kwako. Na hapa nasimama niseme kabla ya karatasi: kama unasikiliza na unameza hivi vidonge muda mrefu, usiviache leo kwa sababu umenisikia mimi. Nenda kwa daktari akupunguzie polepole. Kuacha ghafla ndiko kulikomlaza Shija.

MASANJA: Sema tena hiyo.

NEEMA: Usiache ghafla. Haya. Karatasi, kipengele cha kwanza. Kipokezi ni nini.

MASANJA: Sikio.

NEEMA: Kipokezi, Mwalimu.

MASANJA: Sikio. Sikiliza nikufundishie. Lile gari la matangazo linalopita hapa Kirumba ndilo homoni. Linapita mitaa yote, kama homoni inavyopita kwenye damu mwili mzima. Likitangaza kwa Kisukuma, mgeni asiyekijua anasikia kelele tu, anaendelea kula chipsi zake. Anayeinuka kufanya kitu ni yule mwenye sikio la lugha hiyo. Seli isiyo na sikio la homoni fulani, homoni hiyo inapita tu.

NEEMA: Nimeukubali, ila kotisoli haibaki barabarani. Inaingia ndani ya nyumba. Ukuta wa nyumba hiyo, yaani utando wa seli, umejengwa kwa mafuta, na kotisoli inatokana na kolesteroli, kwa hiyo inapenya. Kipokezi chake kinakaa ndani, kimeshikiliwa na protini nyingine. Kotisoli ikikikalia, kinaachiwa, kinaingia kwenye kiini cha seli, kinafika mpaka kwenye DNA. Huko kinawasha baadhi ya jeni na kuzibana nyingine. Kuna protini moja inaitwa NF-kappa B, hiyo ndiyo inayopuliza jiko la kinga. Ikifanya kazi, chembe nyeupe zinamwaga TNF, zinamwaga interlukini 6, hizo ni protini za kuwasha moto, kiungo kinavimba, kinauma. Kipokezi cha kotisoli kinakuja kumkamata mkono mpulizaji.

MASANJA: Yaani gari linatangaza, "Zimeni moto!"

NEEMA: Hasa.

MASANJA: Sasa angalia balaa. Zimeni moto, amesikia nani? Amesikia aliyekuwa anachoma nyumba. Amesikia na mama lishe. Amesikia anayekausha sangara kwa moshi, na fundi wa kuchomelea.

NEEMA: Ndiyo yenyewe, Mwalimu, na hapo nimeshindwa kulala wiki nzima. Kipokezi hiki kipo karibu kwenye kila seli ya mwili. Mfupa unacho, ndiyo maana unapungua uimara. Ini linacho, sukari inapanda. Misuli inacho, mapaja yanakonda. Mafuta yanacho, yanahama mikononi na miguuni yanakwenda kukaa tumboni, shingoni, usoni. Nguvu iliyompa Shija mgongo na shavu tulilokuwa tunalisifia vimetoka kwenye tangazo moja. Tulikuwa tunamsifia ugonjwa.

MASANJA: Watu wetu wanakipenda kitu kilichojaa. Wapo wanaotafuta deksa makusudi wanenepe. Deksamethasoni! Bibi harusi anameza mwezi mzima kabla ya sherehe.

NEEMA: Na mkorogo je? Baadhi ya zile krimu zina steroidi kali zinazopenya ngozi. Mtu anajipaka kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, anashangaa presha imetoka wapi.

MASANJA: Neno lenyewe "kunawiri" linatokana na nuru. Uso wenye nuru. Uso wa mwezi! Mama yangu akikuona umekonda anauliza nani kakuudhi. Ukirudi nyumbani na shavu, ametulia, hata kama…

NEEMA: Mwalimu, karatasi.

MASANJA: …hata kama huna hela. Haya, karatasi.

NEEMA: Kipengele cha pili. Wapo watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin, ambao mwaka 2004 walionyesha kitu kipya: kipokezi hiki hakikai ndani tu. Kwenye baadhi ya chembe nyeupe, hasa monositi, kinaonekana pia juu ya ukuta, nje.

MASANJA: Sikio mlangoni.

NEEMA: Kipokezi cha ukutani. Ni vichache mno, ilibidi wabuni njia kali ya kuvipaka rangi ing'aayo ndipo wavione. Na kwa wagonjwa wa baridi yabisi ile ya viungo vya mikono, monositi zenye vipokezi hivyo nje zilikuwa nyingi kuliko kwa watu wazima wa afya, na kadiri ugonjwa ulivyowaka ndivyo zilivyozidi.

MASANJA: Kwa hiyo nyumba inayoungua inatoa sikio nje ili isikie vizuri zaidi.

NEEMA: Ni wazo linalovutia, na swali la kuuliza kwenye kila ugonjwa wa jamii hii. Lakini mgongo una tabia yake. Baridi yabisi ya uti wa mgongo, wenyewe wanaiita ankilozi spondilaitisi, inaanzia pale ambapo kano zinajishika kwenye mfupa, na kwenye maungio ya nyonga na uti. Interlukini 17, protini nyingine ya kuwasha moto, ina mchango mkubwa pale, na seli zinazoitoa, ziitwazo Th17, zimeonekana kuwa nzito kuisikia kotisoli kuliko seli nyingine za ukoo wake. Kipokezi zinacho. Tangazo zinalipata. Hazitii.

MASANJA: Ndiyo maana Shija anaamka saa tisa usiku?

NEEMA: Hiyo ina sababu ya ziada. Kotisoli ya mwilini ina saa yake. Kama saa sita usiku iko chini kabisa, inapanda kuelekea alfajiri, kileleni inafika asubuhi mtu anapoamka. Usiku wa manane moto unabaki bila mzimaji.

MASANJA: Giza.

NEEMA: Ndiyo, giza.

MASANJA: Unaona? Kotisoli nayo ina giza lake na mbalamwezi yake! Na maumivu yanavua gizani, kama watu wa dagaa. Hii niachie nikaiandike ubaoni kesho.

NEEMA: Andika, ila andika na dalili, maana Shija alizunguka miaka. Mgongo ulimwanza akiwa na miaka 24. Unauma ukilala, unalegea ukitembea. Asubuhi umekakamaa zaidi ya nusu saa. Jicho liliwahi kuwa jekundu na kuuma mwanga. Hiyo ni tofauti na mgongo wa kubeba magunia, ambao ukipumzika unapoa. Yeye ametibiwa UTI mara ngapi! Kwetu kijana akisema kiuno, jibu ni UTI au figo. Na nawaelewa kidogo, kwa sababu ile jeni ya HLA-B27 inayoambatana na ugonjwa huu ni nadra huku kwetu, ugonjwa wenyewe hautarajiwi.

MASANJA: Mimi nilimwona kabla ya vidonge. Alikuwa anatoka nje ameshika ukuta. Kamba za viatu alikuwa anafungiwa na Doto wako. Kwa hiyo Mama Kulwa, mimi nitasema jambo na hutalipenda. Aliyemuuzia vile vidonge alimfanyia huruma.

NEEMA: Hapana.

MASANJA: Nimalizie. Mwaka 1948 Marekani, daktari Hench alimchoma mwanamke kotizoni, steroidi ya ukoo wa kotisoli. Mwanamke huyo alikuwa hawezi kugeuka kitandani, siku chache baadaye anatembea. Mwaka 1950 Hench na wanakemia Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobeli. Dunia nzima ilishangilia kitu kilekile ambacho Shija alikipata kwa bahasha ya kaki. Alisimama! Amelipa ada ya watoto wake.

NEEMA: Mwanamke yule alikuwa na baridi yabisi ya viungo, hakuwa na ya mgongo. Na Hench mwenyewe alikuja kuona madhara. Mwongozo wa Marekani wa 2019 unasema waziwazi kwamba steroidi za kumeza zisitumike kutibu ugonjwa huu wa uti wa mgongo. Unaanza na mazoezi na dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, jamii ya diklofenaki na indomethasini.

MASANJA: Na wale watafiti Wajerumani wa 2014? Ulinitumia mwenyewe. Prednisoloni miligramu 50, watu walipata nafuu.

NEEMA: Watu 39, wiki 2! Makundi matatu, na waliopewa miligramu 20 hawakutofautiana kwa maana na waliopewa kidonge kitupu. Unahitaji 50 ili seli za mgongo zisikie kidogo, wakati mfupa na ini vinasikia tangu tano. Na mfupa wa mgongo wa mgonjwa huyu tayari ni dhaifu kwa ugonjwa wenyewe, unavunjika kirahisi. Unamwongezea nini?

MASANJA: Unamwongezea leo. Wewe unazungumzia mfupa wa miaka kumi ijayo. Yeye ana gunia la leo. Mazoezi amefanya, diklofenaki imemchoma tumbo. Zile sindano za kuzuia TNF na interlukini 17, bei yake mtu wa Mwaloni ataitoa wapi? Mlango mmoja umefunguka, umwambie asiingie?

NEEMA: Angemwambia lipo shimo ndani! Mwalimu, yule muuzaji hakuuliza swali hata moja. Mgongo hapa kwetu unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Unaweza kuwa bruselosi ya maziwa mabichi. Ukimpa mwenye kifua kikuu prednisoloni, unawalaza walinzi na mwizi yuko ndani. Hakuuliza kikohozi, hakuuliza homa, hakuandika hata jina la dawa. Daktari wa Nansio angekuwa mzito kidogo, leo ningekuwa nahesabu michango ya rambirambi. Usiniitie hiyo huruma.

MASANJA: Kutoandika jina ni kosa, nakubali kosa hilo. Kumpa, sikubali kwamba ni kosa.

NEEMA: Kumpa bila kumpima ni kosa lilelile.

MASANJA: Asiye na nauli ya kwenda kupimwa?

NEEMA: Angeniambia. Mimi ni dada yake.

MASANJA: Hakukuambia kwa sababu ungemnyang'anya.

NEEMA: …Ndiyo, ningemnyang'anya.

MASANJA: Basi.

NEEMA: Siyo basi. Ningemnyang'anya na ningempeleka kliniki mgongoni mwangu.

MASANJA: Najua ungempeleka. Na siku ya giza ingemkuta kwenye foleni, na familia haijala. Sisemi huna haki, Mama Kulwa. Nasema siwezi kumsimamia mtu anayeumwa nikamwambia nafuu yako ni haramu.

NEEMA: Na mimi siwezi kukaa kimya nikaita nafuu kitu kinacholala na mtu miaka mitatu kikimla mifupa.

MASANJA: Tutakuja kugombana mpaka kwaya itukute.

NEEMA: Wameshafika, nasikia viti. Mwalimu, kipengele cha tatu hata sijakigusa. Nilitaka kusema juu ya wanawake. Nilikuwa na estrojeni humu, homoni ya kike, na vipokezi vyake kwenye chembe nyeupe, kwa nini mimba inawapa nafuu wengi wenye baridi yabisi ya viungo na haiwapi hivyo wenye ya mgongo. Na jinsi ya kumsoma mtu anayepunguziwa dozi. Kurasa mbili zimebaki.

MASANJA: Zikunje. Mimba ndiyo iliyomfungua macho Hench, aliona wanawake wanapata nafuu wakiwa wajawazito, na tangu 1929 alishaona mgonjwa wa manjano viungo vyake vikitulia. Akajua kuna kitu mwilini…

NEEMA: Mwalimu, wamefungua mlango. Shikamooni mama zangu, dakika moja tu, tunafunga.

MASANJA: Niulize moja. Yuko kwenye vingapi leo?

NEEMA: Vitano, vyote asubuhi baada ya chai, kufuatana na saa ya mwili. Wiki ijayo daktari atamwona ndipo aseme kama kishuke cha tano. Nimemwekea kwenye kikopo, nimeandika jina la dawa, na kadi ndogo ya mfukoni inayosema anatumia nini, hata akianguka njiani wasome. Na picha ya eksirei ya nyonga amepiga.

MASANJA: Na usiku?

NEEMA: Jana aliamka saa tisa kasoro. Nilisikia komeo la mlango wa uani. Nikajifunga khanga nikatoka, nikamkuta anazunguka mwembe, mkono kiunoni. Mwezi ulikuwa mkubwa, ua mzima unaonekana. Hatukuongea. Nikaingia kwenye mzunguko wake, tukawa tunazunguka wote, mpaka akasema umelegea, twende tukalale.

MASANJA: Mpe salamu zangu. Mwambie Jumapili nitakuja nitembee naye.

NEEMA: Njoo saa tisa, si saa ya chai. Haya, zima hapo, mama wa soprano anahitaji kiti chako.